Pikipiki Iliyopimwa kwa Sufuria

Mulwa aliiacha oili ya kwanza imwagike kwenye karai. Ilianza kwa kudondoka, kisha ikanyooka ikawa uzi mmoja mweusi wenye mvuke, na hapo ndipo Kasiva alipoingiza kichupa chini yake akaikinga. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, na nilichofikiria ni maziwa. Ninapokama, michirizi ya kwanza huiacha ianguke chini, maana hiyo imekaa kwenye ncha ya chuchu na imebeba uchafu wa nje. Inayofuata ndiyo yenye habari za ng'ombe.

"Hawataki ya mwanzo, Susu, wala ya mwisho," Kasiva aliniambia akikikaza kifuniko. "Wanataka ya katikati, na ikiwa bado moto."

Hao waliotaka walikuwa watu wa maabara moja kule Nairobi, upande wa viwanda, ambao huchunguza oili ya mashine kama hospitali inavyochunguza damu. Unawapelekea kidogo tu, nao wanakwambia ndani yake mna chuma kiasi gani, shaba kiasi gani, mchanga kiasi gani. Injini haina mdomo wa kusema inaumwa wapi, lakini kila kinachosagika tumboni mwake huangukia kwenye oili na kuzunguka humo. Mjukuu wangu, anayeniita Susu, yaani bibi kwa Kikamba, alinieleza hayo akiwa amechuchumaa, mikono imejaa weusi hadi kwenye viwiko, na macho yake yaking'aa kama ya mtu anayesimulia harusi.

Mulwa hakuwa na imani na safari hiyo ya kichupa. Alikuwa fundi wa bodaboda pale Mumbuni, na karibu kila pikipiki iliyopanda barabara ya kwetu ilikuwa imepita mikononi mwake. Yeye oili aliipima kwa vidole viwili: aliichovya, akaisugua, akainusa, akaiinua juani aitazame rangi.

"Mama Justus," aliniambia, "mimi nikiwa na homa naambiwa ninywe maji nilale. Oili ya huyu mtoto inakatiwa tiketi ikamwone daktari Nairobi."

Tulicheka, Kasiva naye akacheka, lakini kichupa kiliondoka na basi la asubuhi.

Nisimwonee Mulwa. Njia yake ilifaa kwa bodaboda, ambazo siku nzima hubeba magunia na wanafunzi kwa mwendo wa wastani. Pikipiki ya Kasiva ilikuwa ya ukoo mwingine. Ilikuwa ya mashindano ya porini, yenye miguu mirefu kama mbuni, isiyo na taa, isiyo na kiti cha abiria, isiyo hata na kile kioo kinachoonyesha mwendo. Injini yake ya mipigo minne ilikuwa ndogo na yenye hasira. Oili iliyoingia humo ilikuwa kidogo, na kidogo hicho hicho kililainisha pistoni, kikaogesha gia, kikapoza na klachi. Kitabu chake kilitaka oili ibadilishwe kwa saa ambazo injini imefanya kazi. Kilomita hakikuzitaja kabisa.

Mwaka uliotangulia hatukuyajua hayo. Mulwa alibadilisha oili alipoiona nyeusi, na siku moja, kwenye mteremko wa Iveti, beringi ya ndani ikasagika, injini ikakwama kwa ghafla, gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka na mtoto akarushwa juu ya mawe. Alivunjika mfupa wa bega. Aliyempeleka hospitali ni mjomba wake, Justus, mwanangu anayeishi Syokimau, ambaye pia ndiye aliyekuwa amemnunulia ile pikipiki. Akagharamia injini kufunguliwa na kutengenezwa. Kisha, mbele ya chakula, akasema neno moja tulivu ambalo sote tulilisikia: injini hiyo ikihitaji kufunguliwa tena, pikipiki itauzwa. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amemshika yule mtoto njia nzima akilia.

Baada ya hapo tukawa watu wa saa. Tatizo lilikuwa kuzihesabu. Simu yake Kasiva hakutaka tena kuibeba mlimani, maana ilikuwa imevunjika pamoja na bega, na saa ya mkononi haikukaa vizuri chini ya glavu zile nene. Ndipo nilipomwambia: mimi nikiteleka isyo, wewe washa, ikiiva nitaanika leso nyekundu uani, nawe ukiiona ukiwa kule juu, rudi ule. Isyo ni mahindi na maharagwe, chakula kisichopenda haraka, na mwanamke wa kwetu anaujua muda wake kama anavyoijua njia ya kisimani. Sufuria moja ikawa zoezi moja. Kasiva alikuwa amezigeuza sufuria kuwa saa kichwani mwake, na zilipofika kiasi cha kitabu, Mulwa aliitwa kumwaga oili. Majirani walipita wakicheka. Sisi tuliona tumepata akili.

Nami nilikuwa na sababu nyingine ya kuipenda ile sufuria. Ilimrudisha nyumbani. Tangu mamake alipokwenda kazi ya kiwandani Athi River na kuniachia Kasiva akiwa bado anatambaa, nimemngojea yule mtoto kwa namna nyingi, lakini hakuna kungoja kulikonichosha kama kule kwa mlio wa injini ukipanda na kushuka nyuma ya matuta ya mashamba. Sikuwahi kwenda kumtazama. Niligeuza kuni, nikasikiliza, na leso ilipopanda uani moyo wangu ulishuka mahali pake.

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu, na nyuma ya majibu ikaja sauti. Binti aliyeyaandika, jina lake Nzisa, alitaka kuzungumza na mwenye injini. Kasiva akaiweka simu juu ya gogo ili nisikie.

Alianza kwa kusifu. Mchanga ulikuwa haba sana ndani ya oili, kumaanisha filta ya hewa ilikuwa inatunzwa. Kasiva akanitazama kwa fahari, maana alikuwa akiiosha na kuipaka mafuta ile sponji ya filta kila aliporudi na vumbi. Kisha sauti ikapoa. Oili ilikuwa imekuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, na chuma kilikuwa kingi.

"Kwa saa ulizoniandikia, dada, hiki chuma ni kingi mno," Nzisa alisema. "Ama kuna kitu ndani kinaliwa, ama hizo saa si za kweli."

"Saa ni za kweli," Kasiva akajibu.

"Basi ifungue hiyo injini kabla haijakufungua wewe."

Baada ya simu kukatika tulimwita Mulwa. Alipofika hakufanya mzaha. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye tumbo la injini na mpini wake sikioni, akamwambia Kasiva awashe. Alisikiliza pembeni, akasikiliza chini, akafumba macho. Alisema anasikia kitu. Kisha akasema hasikii. Mwishoni alikiri kwamba ukishaambiwa mtu ni mgonjwa, hata kupumua kwake unakusikia vibaya.

Mashindano ya Kithyoko yalikuwa yamekaribia, ya mwisho kwa mwaka ule. Mshindi wa pale angeingia kwenye timu itakayokwenda Uganda, na Kasiva alikuwa ameyatazamia kwa namna ambayo watu wengine hutazamia mvua. Kufungua injini kulimaanisha kusubiri vipuri kutoka ng'ambo hadi mashindano yapite, na kulimaanisha pia lile neno la Justus. Kutoifungua kulimaanisha kwamba huenda beringi ingekatika tena, safari hii akiwa kwenye mwendo wa mashindano. Mimi nililiona jambo hilo kwa urahisi wake wa kutisha. Mtoto angeikosa pikipiki, ama pikipiki ingemkosa mtoto.

Justus alikuja Jumamosi. Alikaa kwenye kigoda na viatu vyake vya ofisini, akazisoma zile namba kwenye simu ya mpwa wake, akazisoma tena. Kasiva alisimama mbele yake kama mtu aliye mahakamani na akamwomba muda. Justus hakupandisha sauti. Sikumbuki lini aliwahi kuipandisha. Alisema tu kwamba ameshapata mnunuzi na kwamba Jumamosi inayofuata atakuja na pikapu.

"Mwaitu," aliniambia wakati wa kuondoka, akiniita mama kwa lugha yetu kama alivyoniita tangu utoto, "mimi si adui wa mtu. Lakini sitamwokota mara ya pili."

Sikumpinga. Ukweli ni kwamba nusu yangu ilikuwa imeshapanda kwenye hiyo pikapu pamoja naye.

Siku iliyofuata, jirani yangu Mueni alinitembelea baada ya ibada. Alikuja na maharagwe mapya kwenye kikapu, ya shamba lake la karibu na mto, bado yana ule mng'ao wa kutoka ganda. Niliyateleka hapo hapo pamoja na mahindi mabichi, nikaongeza kuni, tukaketi. Mueni ana habari ya mkwe wake ambayo haipungui, kila wiki huiongeza chumba. Hakuwa amefika hata mahali ambapo mkwe anaingia, alikuwa bado anaeleza mvua ilivyokuwa siku hiyo, niliposikia sufuria ikibadilisha sauti. Mpishi anaijua. Maji yanaacha kuchemka kwa kelele, yanaanza kunong'ona mazito. Nikafunua. Maharagwe yalikuwa yamepasuka.

Nilibaki nimeshika kifuniko, mvuke ukinipiga usoni. Mueni akauliza kama nimeungua.

"Haya yameiva," nikamwambia.

"Si mapya? Ulitaka yakae mpaka jioni?"

Ndipo nilipoliona. Maharagwe yangu mapya yalikuwa yamekwisha mvua ilipotukataa, na tangu wakati huo nilikuwa nikichota kwenye pipa la mwaka juzi, yale niliyoyahifadhi kwa jivu. Yale hayakuwa chakula, yalikuwa kokoto zenye jina la maharagwe. Nilikuwa nimeyachochea kila siku, nimelalamika juu ya kuni zinavyokwisha, nimemwona Kasiva akirudi ameloa jasho na kula bila kuongea, na hata siku moja sikuwa nimeunganisha mambo hayo. Sufuria ilikuwa ile ile. Mafiga yalikuwa yale yale. Saa iliyokuwa ndani yake ndiyo ilikuwa imenyooshwa.

Nilimwita Kasiva kwa sauti ambayo ilimtoa nyumba ya pili mbio, akidhani nimeanguka. Nikamweleza. Alinisikiliza huku mdomo wake ukifunguka polepole.

"Mimi nilidhani nimeanza kuzeeka," akasema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini mikono inatetemeka nikirudi. Nikajiambia nikaze tu, wenzangu wanakaza."

Kesho yake tuliyapika ya pipa na simu yake ikihesabu kando ya moto. Tulikaa. Kuku waliingia wakatoka. Kivuli cha jiko kilihama ukuta mmoja kikaenda mwingine. Yalipoiva hatimaye Kasiva aliitazama simu, akaniangalia, akacheka hadi akakaa chini. Ile oili ilikuwa imefanyishwa kazi karibu mara mbili ya ilivyopaswa, na mwenye kuifanyisha naye alikuwa amechoshwa vile vile.

Akampigia Nzisa. Alimweleza yote bila kuficha, sufuria, leso, pipa na jivu. Nami nikafikiri binti wa watu ataudhika. Badala yake akauliza, kwa sauti ya mtu wa kwetu kabisa, kama yalikuwa maharagwe mekundu au yale ya madoa.

"Ya madoa," Kasiva akasema.

"Yakizeeka hayo ni mawe. Mama yangu aliacha kuyaweka." Akakohoa, akarudi kazini. "Kwa saa hizi mpya, hicho chuma ni cha oili iliyochoka tu, na wepesi wake pia. Lakini habari nzuri si kipimo. Weka oili mpya, endesha kwa saa za kweli, uniletee tena. Kikishuka, injini ni nzima. Kisiposhuka, usiipande."

Mulwa alileta kidude kidogo chenye kioo, akakifunga kwenye fremu na waya wake akauzungusha kwenye waya wa plagi. Kilikuwa kinahesabu saa, tena injini ikiwa hai tu. Ukiizima, nacho kinanyamaza. Nilikitazama kwa jicho la mke mwenza. Kilikuwa kimechukua kazi yangu bila hata kusalimia.

Kasiva akaenda mlimani na oili mpya. Nilikaa jikoni pasipo cha kupika kwa ajili ya kumpima. Mlio ulipanda, ukashuka, ukapotea, ukarudi. Leso ilikuwa mkononi mwangu bila sababu ya kuianika. Siku zote nilijidanganya kuwa mimi ndiye niliyemwita arudi, na sasa nikaona kwamba aliporudi alikuwa anarudi mwenyewe, kwa uangalifu wake, kwa mikono yake, kwa ile sponji aliyoiosha bila kuambiwa. Na kama ni kuogopa, nilikuwa nimemuogopea mtu ambaye sijawahi kumwona. Yule aliyekuwa kule juu nilimjua kwa mlio tu.

Kichupa cha pili kikaondoka na basi. Kungoja ni kazi ninayoijua. Nilipalilia sukumawiki, nikashona vifungo, nikamzuia Kasiva asimpigie Nzisa kila saa. Siku zikaenda, hadi Jumamosi ikafika kabla ya majibu. Tuliisikia pikapu kabla ya kuiona. Justus aliingia nayo kinyumenyume hadi karibu na banda, akashuka na kamba begani. Mulwa, aliyekuwa amekuja eti kukaza mnyororo, akajifanya hamwoni.

Kasiva aliitoa pikipiki nje mwenyewe. Alikuwa ameiosha. Alikuwa anaiegemeza kwenye ubao wa kupandishia simu ilipolia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeishika pikipiki, Justus ndiye aliyeichomoa mfukoni mwake. Akasoma. Nilimtazama mwanangu usoni, uso ambao nimeusoma kabla haujaota ndevu, na nikaona kitu kikilegea karibu na macho.

"Chuma kimeshuka," akasema. "Kimeshuka sana. Ameandika, injini ni nzima." Akasoma tena, midomo ikitembea. "Ameandika pia, msalimie Susu."

Kasiva hakuruka wala hakupiga kelele. Aliweka paji la uso wake kwenye kiti cha pikipiki na kubaki hivyo. Justus akaishika ile kamba, akaikunja, akaikunjua. Mashindano yalikuwa kesho yake.

"Na nikikubali," akauliza, "halafu ikakwama?"

Hakuna namba inayojibu swali hilo, na sote tulilijua. Justus akageuka kwangu. "Mwaitu, sema wewe."

Hapo nyuma ningeangalia pembeni. Ningesema mambo ya injini ni ya wenye injini, kisha nirudi jikoni nikasikilize. Lakini nilikuwa nimekaa na swali hilo wiki nzima, na nilikuwa nimeshakaa nalo vya kutosha.

"Ipakie kwenye pikapu," nikasema.

Kasiva aliinua kichwa. Sijawahi kuona uso ukizimika vile.

"Kithyoko ni mbali," nikaendelea, "haiwezi kwenda kwa magurudumu yake. Ipakie, muifunge vizuri. Na mimi nitakaa mbele. Padri ataniona Jumapili ijayo."

Tulifika Kithyoko jua likiwa tayari lina meno. Upande ule wa Masinga ardhi ni nyekundu na ngumu, halafu ghafla inakuwa mto mkavu wenye mchanga wa kuzama hadi vifundoni. Njia ya mashindano ilizunguka vichakani, ikapanda ukingo wa mawe, ikatumbukia kwenye ule mto, ikatoka, ikarudi mwanzo, na wangeizunguka hadi bendera iwaamuru kusimama. Kulikuwa na mahema, majenereta, watoto waliopanda juu ya miti. Habari yetu ilikuwa imetutangulia; nilimtazama Mulwa naye akawa anaangalia ndege.

Aliyeongoza kwa alama alikuwa kijana wa Syokimau aitwaye Rodgers, mwenye pikipiki mpya na hema lenye mafundi wawili waliovaa sare. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kutusalimia, akanishika mkono kwa adabu, kisha akamgeukia Kasiva.

"Niaje, Kasiva. Leo mmekuja na sufuria ngapi?"

"Moja tu," Kasiva akamjibu akifunga glavu. "Ya kukupakulia."

Waliosimama karibu waliangua kicheko, na Rodgers mwenyewe alicheka kuliko wote.

Justus alinitafutia kivuli cha mgunga, mbali na vumbi, akanikalisha. Washindani waliwasha. Kelele ile sikuwa nimeitegemea. Ilikuwa kama ardhi yote inararuliwa. Wakaondoka, nami kutoka pale kivulini sikuona kitu ila wingu jekundu na migongo ya watu. Nikafanya nilivyozoea, nikafumba macho nikasikiliza. Katika milio yote ile niliupata wake. Ulikuwa mzito kidogo chini, na kila alipobadilisha gia uliacha nafasi fupi, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema. Ulikuwa wa tano, au wa sita. Walipozunguka tena ulikuwa umesogea. Mara iliyofuata ulikuwa nyuma ya mmoja tu.

Nikafumbua macho. Ni nini hasa nilichokuwa nikikifanya, nimetoka Machakos hadi ukingoni mwa Tana kuja kukaa tena nyuma ya matuta? Nikasimama. Niliwaomba watu njia na wakanipa, mzee mmoja akanishika kiwiko, nikafika kwenye kamba iliyozuia watu juu ya ule mto mkavu.

Rodgers alitokea kwanza, akakata mchanga kama jembe. Na nyuma yake akatokea mtu nisiyemjua.

Alikuwa amesimama wima juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, na pikipiki ilicheza chini yake kushoto na kulia kama ndama anayetaka kuponyoka, naye akaiacha icheze. Hakuishindilia. Mchanga uliponasa gurudumu la mbele aliinamisha mwili nyuma kidogo tu, akaongeza moto, ikaelea. Alipita mbele yangu karibu kiasi cha kunimwagia vumbi mdomoni. Nilikuwa nimemlisha, nimemvika, nimemfunga bandeji, na nilikuwa simjui. Nikaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na mzee yule aliyenishika kiwiko akaniuliza kama ni wangu.

"Ni wangu," nikamwambia. "Yule. Yule wa nyuma ambaye hatakuwa nyuma."

Jua lilikuwa limepanda, na duru za mwisho zilianza kuwadai watu. Mmoja alianguka kwenye mawe akainuka akichechemea. Mwingine alisimama, moshi ukimtoka. Rodgers bado alikuwa mbele, lakini mikono yake ilianza kumchelewa. Mchangani alikuwa anakaa chini mahali ambapo Kasiva alikuwa amesimama. Nilikumbuka zile siku ndefu za maharagwe ya pipa, mtoto akirudi amekonda macho, na nikaelewa kuwa mlima ule wote alioupanda bila kujua ulikuwa ndani ya miguu yake sasa.

Waliingia duru ya mwisho wakafichwa na ukingo. Milio ikazama. Kwa muda palikuwa na jenereta tu na mtoto mmoja analia. Nilingoja lile pengo, ile nafasi fupi ya kumeza mate, na haikuja. Mulwa, kando yangu, alikuwa ameshika kichwa. Sikufumba macho. Niliyaweka pale juu ya mawe ambapo lazima watu watokee.

Kasiva alitokea peke yake.

Alishuka ule ukingo akauacha mwili udondoke na pikipiki, akaingia mchangani akiwa amesimama, na injini yake ikaimba wimbo mmoja, safi, usio na mkwaruzo, kutoka ukingo hadi ukingo. Rodgers aliingia mtoni Kasiva akiwa anatoka. Nilipiga vigelegele. Wanawake nisiowajua wakavipokea, vikaupita ule mgunga, vikaenda hadi kwenye mahema, na katikati yake nilimsikia mwanaume akipiga kelele kama mwendawazimu, akikimbia kando ya kamba, shati limetoka suruali, viatu vya ofisini vimejaa mchanga. Alikuwa Justus.

Bendera iliposhuka hatukuweza kumfikia haraka, watu walikuwa wameshambeba. Mulwa alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Aliinama akasoma kile kidude, akaweka kiganja karibu na injini bila kuigusa, na akabaki amechuchumaa hivyo kama mtu aliye kwa mgonjwa aliyepona. Nikamwona akijifuta uso kwa mkono wenye oili, na mstari mweusi ukabaki shavuni, hakuna aliyemwambia.

Rodgers alikuja amebeba helmeti chini ya kwapa, nywele zimeganda vumbi. Alimpa Kasiva mkono na kuushikilia. Kisha akanijia mimi.

"Susu, nitakuuliza na uniambie ukweli. Mnatumia oili gani?"

"Hiyo hiyo yako, mwanangu. Sisi siku hizi tunaitoa mapema."

Kasiva alinikumbatia na vyuma vyake vyote vya kujikinga, akaniumiza mbavu, akaninong'oneza sikioni kwamba wanaenda Uganda. Hakusema naenda. Nilimshika mashavu nikamtazama vizuri, nikitafuta yule mtu wa mchangani, na alikuwepo, alikuwa amekaa nyuma kidogo tu ya macho niliyoyazoea. Kisha wakamwita mbele akapewe kombe, watu wakasukumana kumfuata, nikaachwa nyuma na furaha yangu.

Kule mwanzoni mwa njia mtu akawasha injini. Ikajibiwa na nyingine, ndogo, zenye sauti kali kama nyuki. Ilikuwa zamu ya watoto, nikaambiwa, wa darasa la tano na la sita, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa msichana mwenye helmeti kubwa kuliko mabega yake. Nilitaka kuona atauingiaje ule mchanga. Nikakunja leso kiunoni, nikaanza kuteremka kuelekea kwenye kamba, na nyuma yangu nikamsikia Justus akiwauliza watu, mmoja baada ya mwingine, kama wamemwona mama yake.